Namba Kumi na Sita za Zamani

"Mpwa wangu, mto unashuka na magogo. Hicho kifaa chako kinasemaje?"

Mjomba alinipigia usiku mmoja wa Aprili kutoka Kinole, milimani Uluguru, na nyuma ya sauti yake niliyasikia maji. Mimi nilikuwa chumbani Kihonda, macho kwenye laptopu. Mchoro ulionyesha mto umetulia tuli. Nilikosa la kumjibu.

Kifaa kile nilikiunda mwenyewe: kipaza sauti ndani ya bomba la plastiki, kando ya kijito kinachoteremkia mto Ruvu, na kibao cha kompyuta chenye prosesa ya ARM na Linux, kisikilize mngurumo na kutoa tahadhari. Aliyenipa kazi alilipa nusu; nusu nyingine mpaka kifanye kazi. Ikapita miezi mitano. Deni la kikoba likapanda, kodi ikapitiliza, mke wangu akaanza kuuza karoti za Mgeta sokoni akiwa na mimba ya miezi saba. Hilo liliniuma kuliko deni.

Na kosa lilikuwa likijificha. Nikiongeza kwenye programu mstari wa kuchapisha namba za sauti ili nizione, linatoweka. Nikiutoa, linarudi. Nilifika mahali nikaogopa hata kukiwasha.

Siku moja nilihifadhi rekodi nzima, nikaichapa kwenye karatasi, nikaipitia kwa kalamu nyekundu. Namba mpya, mpya, kisha kumi na sita za zamani. Mpya tena, kisha thelathini na mbili za zamani. Kila mara mafungu ya kumi na sita. Kila namba baiti 4. Jumla baiti 64. Nikaiweka kalamu chini.

Baiti 64 ndio upana wa mstari mmoja wa kashe, yaani memori ndogo ya haraka, ya prosesa ile. Kifaa cha sauti huandika moja kwa moja kwenye memori bila kupitia kwa prosesa. Prosesa nayo ina nakala zake kwenye kashe, na kwenye kibao kile hakuna cha kuiarifu kwamba memori imebadilika. Ilikuwa ikinisomea mto wa jana. Kule kuchapisha kulijaza kashe vitu vingine na kuzisukuma nje nakala kuukuu.

Keneli, yaani kiini cha Linux, ina utaratibu wake: bafa, eneo la memori la kupokelea data, huwa na mmiliki mmoja kwa wakati mmoja. Kabla ya kusoma, draiva, programu inayoendesha kifaa, huiomba keneli iikabidhi kwa prosesa, na hapo nakala za zamani hufutwa. Draiva yangu haikuomba. Nilijaribu kwanza memori isiyopitia kashe kabisa. Namba zikawa za kweli, ila usomaji ukawa mzito mno. Nikageukia makabidhiano, bafa nikaianzishia penye mpaka wa mstari wa kashe, isichangie na data nyingine.

 

Mei nilipanda Kinole. Mjomba alinishikia mwavuli nikifunga kibao. Jioni mvua ikapiga mlimani, mchoro ukapanda kabla maji hayajageuka rangi. Mjomba akakitazama kioo, akautazama mto.

"Twende tukawatoe mbuzi bondeni," akasema.