Jangwa Lina Wenyewe

Ndugu msomaji, sisi tukaao mijini tusikiapo neno jangwa, huwaza nchi tupu isiyo na mwenyewe. Siku moja niliyotembezwa Chalbi, jangwa la Marsabit kaskazini mwa Kenya, ilinifunza mengine.

Tulitoka Kalacha alfajiri, tukiongozwa na mzee wa Kigabra. Mbele yetu ulitanda uwanda uliopauka kwa chumvi, kwani zama za kale palikuwa ziwa. Mvua ikinyesha, uwanda huo hugeuka tope la kunasa magari. Basi mzee aliteremka mara kwa mara, akaikanyaga ardhi, ndipo akamwelekeza dereva.

Saa tano tukaona maji yakimeta kwa mbali. Tukashangilia. Mzee akatikisa kichwa: "Hayo ni mazigazi, wanangu. Maji yenyewe tumeyaacha nyuma, penye mikoma." Akatugawia ya kwenye dumu, kikombe kimoja kimoja, yeye akanywa mwisho.

Vizazi na vizazi, watu wake wamewafikisha ngamia kwenye visima ambavyo macho yetu yasingeviona. Nasi je, msomaji? Bomba likikauka leo, nani mtaani kwako ajuaye maji yalipo?