Kiangazi cha Marielyst

Bahari ya Marielyst haijai wala haipwi. Wenye vipimo watakwambia hupanda na kushuka sentimita chache, lakini kwa mtu aliyekulia Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, huko si kupwa. Kwetu bamvua likiwadia maji hushuka zaidi ya mita tatu, mwamba ukabaki mtupu, na akina mama wakateremka na michokoo yao kutafuta pweza mpaka maji yawarudishe. Nilipompigia mama simu kutoka Denmark kumwambia tumefika pwani, la kwanza kuniuliza lilikuwa maji yamejaa au yametoka. Nikamwambia yapo palepale.

"Palepale wapi?"

"Palepale yalipokuwa jana, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nina hakika hiyo ni bahari na si ziwa.

Swali lake lilikuwa na maana kuliko alivyodhani. Niliyaonja yale maji. Bahari ya Hindi ina chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Hii ya Baltiki, upande ule wa kisiwa cha Falster, ina kama gramu kumi au pungufu. Mito mingi inaingia humo, na mlango wa kutokea baharini ni mwembamba. Ukimeza funda kwa bahati mbaya hukohoi. Watoto wa dada yangu walikuwa wakiyanywa kidogo makusudi kunionyesha kwamba hayana neno.

Ilikuwa Juni 2019. Dada yangu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Nykøbing Falster, na kwa miaka alikuwa akiniambia, "Njoo uone bahari yetu." Nilipanda treni Copenhagen, tukavuka daraja la Storstrøm, la mwaka 1937, refu zaidi ya kilomita tatu, kisha yakaanza mashamba ya viazi sukari, bapa kabisa, hakuna hata kichuguu. Kutoka Nykøbing hadi Marielyst ni mwendo mfupi kwa gari. Barabara inapita kati ya vijumba vya kiangazi vilivyojificha kwenye misonobari, halafu mbele yako linasimama tuta la nyasi. Bahari huioni. Unapanda ngazi za mbao, unafika juu ya tuta, na ndipo inafunguka yote kwa pamoja, mchanga mweupe kaskazini na kusini mpaka macho yachoke.

Ufuko huo unatazama mashariki, kama wetu. Hapo ndipo ufanano ulipoishia. Hakuna ngalawa, hakuna nyavu zilizoanikwa, hakuna mtoto mwenye sinia la mihogo kichwani wala mzee wa madafu. Nilitembea saa nzima bila mtu kunipigia hodi ya biashara. Wenyewe wanapasifia hivyohivyo, kwamba ni kimya. Mimi ufuko usio na muuza madafu naona una upungufu, na nilimwambia dada. Akanionyesha kibanda cha aiskrimu upande wa pili wa tuta, ambako watu walikuwa wamepanga foleni ndefu na hakuna aliyesemeshana na mwenzake.

Kila familia ilikuja na pazia la kuzuia upepo, ndoo na sepetu za watoto, na boksi la barafu la vyakula. Walikaa mbalimbali, kila kundi na eneo lake, bila mtu kuambiwa. Vitoto vichanga vilitambaa uchi mchangani vikila mchanga na wazazi wakitazama tu. Dada alikuwa amefunga mikate myeusi ya shayiri nyekundu na samaki wa kopo wa nyanya, chakula cha Kidenmaki kabisa, ila juu yake ameweka kachumbari yenye pilipili mbuzi aliyootesha dirishani. Alikuwa amenionya pia kuhusu matembezi yangu: ukielekea kusini, upande wa Bøtø, utafika mahali ambapo watu huoga bila nguo, na ni halali. "Ukiona kibao, geuka," alisema. Mpwa wangu wa kiume, mwenye miaka minane, akaongeza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wao bibi na babu tu, mamdogo. Hamna kitu."

Niliingia majini na dera langu na suruali ya kubana ndani yake. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Baridi ndiyo iliyonishika, maana maji yalikuwa nyuzi 17 hivi, na mifupa ya miguu ilianza kuuma kabla sijafika magotini. Lakini nilielewa kwa nini wenye watoto wadogo wanapapenda. Unakwenda na maji ya magoti, yanazama kidogo mpaka kiunoni, kisha unakuta fungu la mchanga na maji yanarudi kwenye vifundo. Mbele yake kuna fungu jingine. Mpwa wangu wa kike, mwenye miaka mitano, alikuwa amesimama katikati ya bahari, mbali na nchi kavu, mikono kiunoni, anatuita.

Jambo lililonichanganya zaidi ni saa. Siku ya kwanza nilikaa nikingoja jua lichwe nisali magharibi, na saa kumi na mbili ikapita, saa mbili ikapita, jua likiwa juu bado linachoma mabega. Lilizama saa nne kasoro usiku, nyuma yetu, juu ya mashamba, na mwanga ukabaki angani kama haukusikia habari. Hesabu yetu ya saa inaanzia kuchwa na kucha kwa jua, na pale ilikosa pa kushika. Watoto walilazwa mchana mweupe, mapazia mazito yameshushwa, wakinung'unika. Jua lilichomoza tena baharini kama saa kumi na nusu alfajiri. Nilipotoka siku moja kulitazama nilimkuta bibi mmoja wa Kidenmaki ndani ya joho la taulo. Alilivua, akaingia majini bila hata kushtuka, akahesabu mapigo kadhaa ya mikono, akatoka, akavaa, akapanda ngazi kwenda kunywa kahawa yake. Umri wake ulikuwa sawa na wa mama.

Niliizoea bahari ile nikaanza kuidharau. Bahari isiyotembea utaiogopea nini? Mchana mmoja upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu, mwanana, maji yamelala kama kioo. Kwetu ungekuwa upepo wa umande, ule unaowatoa wavuvi asubuhi. Familia iliyokaa jirani ilikuwa na mamba wa plastiki wa kujaza pumzi, na msichana mdogo amempanda. Aliteremka kidogo tu kumwagia maji mdogo wake. Mamba akaanza safari. Mwanzoni polepole, mtoto akimfuata anacheka. Kisha upepo ukamshika mgongoni, akaruka fungu la kwanza, la pili, akaenda.

Baba yake alikimbia, lakini hakumkimbilia mamba. Alimkimbilia mtoto, akamnyakua, akasimama naye majini huku mtoto akipiga makelele yaliyofika kila mahali pale penye ukimya. Hakuna mtu mzima aliyeogelea kumfuata yule mdudu, ingawa palikuwa na vijana wenye nguvu. Dada alinieleza kwamba hilo hufundishwa tangu utotoni, kwamba upepo ukitoka bara kitu cha pumzi hukikimbizi, maana hukipati, na wanaokufa ni wale wanaodhani watakipata. Denmark upepo mwingi hutoka magharibi, kwa hiyo ufuko unaotazama mashariki una siku nyingi za namna hiyo, siku za maji matulivu kabisa. Halafu upepo huohuo husukuma maji ya juu yaliyopata joto yakaenda mbali, na ya chini, ya baridi, yakaja kuchukua nafasi. Jioni ile hakuna aliyeoga. Mamba tulimwona kwa muda mrefu, kidoa cha kijani, kisha hatukumwona.

Tarehe 23 Juni usiku, mkesha wa Sankt Hans, waliwasha moto mkubwa pwani, kama wanavyofanya nchi nzima. Watu walitoka vijumbani, wakaimba, mtu mmoja akatoa hotuba. Juu ya kuni walikuwa wamesimamisha mwanamke wa matambara mwenye fagio: mchawi. Alipoanza kuungua watoto walishangilia. Mimi moyo ulinipiga. Nimefanya kazi Shinyanga, na najua nchi yangu ilivyozika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo yalikuwa yameharibiwa na moshi wa jikoni. Baadaye nikasoma kwamba mwanamke wa mwisho kuuawa kwa amri ya mahakama nchini Denmark kwa tuhuma za uchawi, Anne Palles, alikuwa mtu wa kisiwa hikihiki cha Falster. Alikatwa kichwa mwaka 1693, mwili ukachomwa. Nilimuuliza dada kama wanaoimba wanalijua. Akasema wengine wanalijua, na kuna Wadenmaki wasiotaka kabisa kumwona yule mwanasesere motoni. Hapo tuliacha, kwa sababu mpwa wangu alitaka soseji.

Aliyenieleza habari za tuta alikuwa mzee mmoja tuliyemkuta juu yake, kwenye benchi, mstaafu wa kiwanda cha sukari. Wadenmaki hawana mazoea ya kusemesha wageni, ila huyu aliuona mtandio wangu ukipigana na upepo akacheka, ndipo mazungumzo yakaanza, mpwa wangu akiwa mkalimani wa kukatakata. Mzee aliniambia nitazame pande zote mbili. Nikatazama. Nilikuwa sijaona kwamba mashamba na vijumba vya nyuma, ardhi yao ilikuwa chini, karibu sawa na bahari na kwingine chini yake. Kule nyuma ya Bøtø palikuwa na wangwa wa maji, ukakaushwa, na mpaka leo pampu zinafanya kazi.

Novemba 1872, alisema, upepo wa magharibi ulivuma siku nyingi ukasukuma maji kwenda ndani kabisa ya Baltiki, mpaka kule Finland. Kisha ukageuka ghafla, ukaja kutoka kaskazini mashariki kwa nguvu ya kimbunga, ukayarudisha yote kusini magharibi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 bahari ilipanda kama mita tatu. Falster na Lolland, kisiwa jirani, zilipoteza watu wapatao 80. Mzee alinyoosha fimbo yake kuonyesha kimo cha maji, na mpwa wangu, ambaye alikuwa akitafsiri huku anachezea nyasi, akaacha nyasi.

Tuta lilijengwa katika miaka iliyofuata. Vijumba vya kiangazi vilikuja baadaye. Wenye ardhi iliyo nyuma ya tuta wana chama chao na hulipia matengenezo. Na ule mchanga wa mbele hauna mwenyewe wa kukufukuza. Sheria ya Denmark inampa kila mtu haki ya kupita na kuoga, na, nje ya maeneo ya vijumba vya kiangazi, imezuia kujenga mpaka mita 300 kutoka ufukweni. Yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60. Naujua ufuko wa Tanga ambao mtoto wa kijijini hawezi kupita bila askari wa hoteli kumpigia filimbi, na hapo sijapima kwa futi.

Dada na mumewe walihamia nyumba ya nyuma ya tuta mwaka uliofuata safari yangu. Miaka ya kwanza alinilalamikia kila bili ya tuta ilipokuja, kwamba wanalipishwa nyasi. Oktoba 2023 upepo wa mashariki ulivuma siku kadhaa bila kupumzika, na sehemu za kusini mwa Denmark maji yakapanda karibu mita mbili juu ya kawaida yake. Usiku ule alinitumia sauti kwenye simu. Alikuwa amewavisha watoto makoti, mabegi yako mlangoni, gari limegeuzwa uso barabarani. Walilala na makoti. Bili iliyofuata aliilipa siku ileile ilipofika.