Dua za Katikati ya Msimu

Wadau, kuna dua ambazo hazifundishwi msikitini wala kanisani, na bado kila mpenzi wa soka wa nchi hii anazijua kwa moyo. Zinaanza kusomwa mwezi Desemba, mzunguko wa kwanza ukikaribia kwisha, na hazina uhusiano wowote na timu yako. Ni dua za kuombea timu nyingine ifungwe.

Mimi ni Simba. Nimelisema mapema ili ambaye ni Yanga aamue kama anaendelea kusoma au anakwenda kunywa chai. Kazini mimi ni mwandishi wa mahakama, siandiki michezo, na nashukuru Mungu kwa hilo maana huko ningelazimika kujifanya sina upande. Pale Kisutu, tukisubiri hakimu aingie, kurasa za mwisho za daftari langu huwa zina msimamo wa ligi, mechi zilizobaki, na mishale mingi ambayo karani mmoja aliwahi kudhani ni mchoro wa ramani ya tukio.

Chukua msimu wa 2024/25. Timu 16, mechi 30. Mwisho wa Desemba 2024 kila mmoja wetu alikuwa amecheza 15: Simba pointi 40, Yanga pointi 39. Sisi tulikuwa tumeshinda 13, tukatoka sare na Coastal Union mechi ambayo tulikuwa tunaongoza 2-0 (bado inauma), na tukafungwa moja na Yanga wenyewe, Oktoba 19. Wao walikuwa wameshinda 13 na kupoteza mbili. Pointi moja tu kati yetu! Kwa hali hiyo unajua kabisa kwamba ubingwa hautaamuliwa na miguu ya wachezaji wako peke yake. Utaamuliwa pia na kipa wa timu ambayo hujawahi kumjua jina.

Na hizo mbili walizopoteza, jamani, zilikuja ndani ya siku tano. Novemba 2 Azam wakawapiga 1-0. Novemba 7 Tabora United wakawapiga 3-1. Siku ile nilikuwa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira Sinza, na ninakuambia, watu ambao hawajawahi kufika Tabora walikuwa wanazungumzia asali na maembe ya Tabora kama wamezaliwa kule. Wiki moja baadaye kocha Gamondi akaondoka Jangwani.

Tulishawahi kufanya hivyo hivyo kwa Ihefu. Novemba 29, 2022, kule Mbarali, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kumaliza safari ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Usiku ule nusu ya Dar es Salaam ilikuwa Ihefu. Yanga wakaja kuchukua ubingwa wa msimu ule hata hivyo, lakini nani anakumbuka hilo upande wetu? Sisi tunakumbuka Ihefu.

Sasa kuna dua za aina mbili, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu.

Ya kwanza ni ya moja kwa moja: afungwe leo, kesho na keshokutwa, popote alipo, ndani na nje ya nchi. Hii ndiyo dua ya wengi. Ya pili inahitaji kidogo kalamu na karatasi, nayo inasema mtani afanye vizuri huko Afrika. Asafiri sana. Apande ndege za usiku kwenda Algiers na kurudi, alimbikiziwe viporo vya ligi, halafu aje acheze viporo vyake kila baada ya siku tatu na miguu mizito kama ya mtu aliyetoka shamba. Mimi ni wa dua ya pili.

Januari 18, 2025, Yanga walikuwa wanahitaji kuifunga MC Alger kwa Mkapa ili waingie robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nikawaambia jamaa zangu pale Sinza, leo mimi naomba Yanga washinde. Mwenye kibanda alinitazama kama nimeomba mkopo. Mmoja akaniuliza kama nimeoa Jangwani. Matokeo yakawa 0-0, Yanga wakatoka, na kibanda kizima kikalipuka. Nikaagiza soda, nikafungua daftari. Siku iliyofuata Simba tukamaliza kileleni mwa kundi letu la Kombe la Shirikisho, na nikaona wazi ratiba ya miezi minne: sisi tutakuwa angani, wao watakuwa nyumbani wanalala saa nane kamili.

Yaliyofuata ni haya. Mzunguko wa pili, mechi 15, Yanga walishinda 14 na kutoka sare moja. Azam waliotufurahisha Novemba, walifungwa. Tabora United, mashujaa wetu wa asali, walifungwa. Pointi walizodondosha kuanzia Januari hadi mwisho wa msimu ni mbili tu, pale Isamuhyo, Februari 10, suluhu na JKT Tanzania. Na hata hizo mbili zilikuja siku nne baada ya sisi kudondosha mbili zetu kule Babati na Fountain Gate, kwa hiyo furaha ile ilikuwa ya kurudishiwa chenji. Baadaye mwezi huo huo tukatoka sare ya 2-2 na Azam. Hapo hesabu ikageuka, na kurasa zangu zikaanza kuwa na mishale mirefu zaidi.

Wenzangu wana jibu zuri kwa nadharia yangu, na sina budi kuliweka hapa maana ni la kweli: viporo tulivyokula baada ya kutoka Afrika, tulishinda vyote. Sare zetu mbili zilikuja Februari, hatua ya makundi ikiwa imekwisha na robo fainali haijaanza. Sasa uchovu uko wapi, mwandishi? Mimi nawaambia watazame upande wa pili wa karatasi. Swali langu halikuwa Simba watachoka vipi. Swali lilikuwa Yanga wangeshinda 14 kati ya 15 kama Aprili ingewakuta Cairo? Hilo hakuna awezaye kulithibitisha, na ndiyo maana tunalibishania mpaka leo.

Lakini kuna mtu mmoja anayeifanya dua yangu iwe ngumu kuliko hesabu. Mjomba wangu ni Yanga. Ndiye aliyenilea Ilala tangu nikiwa darasa la nne, ndiye aliyelipa ada mpaka nikavaa joho, na katika miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja kunishawishi nivae njano. Ananiita mjomba kama mimi ninavyomwita mjomba. Yanga ikifungwa hali chakula cha usiku. Siyo mzaha, hali. Shangazi anafunika sahani, asubuhi anampa mtu wa jirani. Ile Novemba ya Azam na Tabora nilipiga simu mara mbili kumtania na zote mbili akapokea shangazi.

Kwa hiyo ninapoinua mikono kuombea Yanga ipigwe, ninajua kabisa sahani ya nani inafunikwa. Niliwahi kumwuliza kama utani huu haumuumizi kwangu. Akasema, "Mjomba, asiyenitania Yanga ikifungwa, huyo ndiye ninayemwogopa." Sikuelewa vizuri, lakini nilipunguza simu. Siku hizi natuma ujumbe wenye matokeo tu, bila maneno. Anajibu kwa matokeo ya siku tuliyofungwa tano, Novemba 5, 2023. 5-1. Basi, mazungumzo yamekwisha.

Mei 25, 2025, Simba tulikuwa Zanzibar, pale Amaan, fainali ya pili na RS Berkane, tukiwa nyuma kwa mabao mawili ya Morocco. Dakika ya 17 Mutale akafunga. Simu yangu ikatetemeka. Ni mjomba: "Bado moja." Nikadhani ni kejeli, nikasoma tena. Mzee wa Jangwani, ambaye mwaka 2023 sisi tulimshangilia USM Alger mbele ya macho yake, alikuwa ananihesabia mabao ya Simba. Ikaishia 1-1, kombe likaenda Berkane, na hakutuma kitu tena usiku ule. Sikumwuliza alikuwa anaomba nini. Inawezekana alikuwa na kalamu na karatasi yake.

Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, ile dabi iliyoahirishwa Machi ikachezwa ikiwa mechi ya mwisho kabisa: Yanga 79, Simba 78. Kwa mara ya kwanza msimu mzima hapakuwa na mtu wa tatu wa kumwombea. Hapakuwa na Tabora wala JKT. Yanga 2, Simba 0. Saa tatu usiku nikampigia mjomba, akapokea mwenyewe, na nyuma ya sauti yake nikasikia kijiko kikigonga sahani.