Tutalala Wapi Nairobi?



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio wapangaji wa kweli wa safari zetu zote, shule zimefungwa na madrasa nazo zimepumzika. Katika nyumba nyingi za Mombasa watoto wanauliza swali moja: tunakwenda wapi? Jirani zetu Wakristo wanajiandaa kwa Krismasi. Hiyo ni sikukuu yao, si yetu, lakini siku za mapumziko zimetufikia sote, na baba mwajiriwa hazipati nyingine kwa urahisi. Nyumbani kwangu jibu lilipatikana mapema: tunakwenda Nairobi.

Mke wangu alichukua daftari akaandika orodha. Tikiti. Masweta. Dawa ya kifua ya mtoto mdogo. Miswala miwili. Halua. Mahali pa kutembea. Katika mstari wa mwisho akaandika, “Tutalala wapi?” na mbele yake akaacha patupu. Daftari lile lilikaa juu ya meza siku tatu. Nitaurudia mstari huo, kwani ndio ulionifanya nishike kalamu. Kwanza niwape yale tuliyoyapanga kwa wepesi, huenda yakamfaa anayekusudia njia hiyo hiyo.

Mimi nilifika Nairobi mara ya kwanza mwaka 1990, nikiwa kijana, kwa gari la moshi la reli ya zamani. Tuliondoka Mombasa jioni, tukalala njiani, tukaamka tunatetemeka kwa baridi katika nyika za Athi. Reli ile ilianza kujengwa hapa kwetu mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Wakati huo hapakuwa na mji. Palikuwa na kinamasi na mto ambao Wamaasai waliupa jina la maji baridi, na hapo reli ikaweka kambi na karakana yake. Kwa hivyo tusiuogope mji ule kama mgeni kabisa kwetu. Mbegu yake ilipita Mombasa.

Leo treni ya reli mpya, iliyozinduliwa mwaka 2017, huondoka Miritini na kufika Syokimau kwa muda wa saa tano au sita. Mtoto akikaa dirishani tangu Voi hadi Mtito Andei, huenda akajaaliwa kuwaona ndovu wa Tsavo wakiwa wekundu kwa udongo wa kwao. Tangu nauli ya daraja la pili ipande hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024, watu wazima wanne huhitaji shilingi 12,000 kwenda na kurudi. Zingatieni jambo moja. Wiki ya Krismasi watu wa bara huteremka Pwani kwa wingi, ilhali sisi tunapanda. Anayetaka kushuka kabla ya mwaka mpya atagombea viti pamoja nao, basi tikiti ya kurudi ndiyo ya kukata mwanzo. Chukueni vitambulisho, na mfike kituoni saa nzima kabla ya treni kuondoka, maana ukaguzi wa mizigo huchukua muda.

Kuhusu sala, masafa hayo yanatosha kabisa kwa ruhusa ya kupunguza na kukusanya, mkishautoka mji. Adhuhuri na Alasiri zinaweza kusaliwa pamoja mkifika, rakaa mbili mbili. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kunuia kukaa Nairobi siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, husali sala timamu tangu afikapo. Hapa Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa. Nairobi mtaelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki. Adhuhuri yao huingia kiasi cha dakika 11 baada ya yetu, basi saa za sala za Mombasa msizitegemee huko.

Mji uko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Disemba si mwezi wao wa baridi kali, lakini usiku mtoto wa Pwani atatafuta blanketi.

Na mahali pa kutembea pasiwe maduka makubwa yenye taa na miti ya mapambo pekee. Anzeni na Msikiti wa Jamia ulio katikati ya mji, wenye kuba tatu na minara miwili, ambao jengo lake lilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Si mbali na hapo ipo bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara Mwislamu mzaliwa wa Karachi aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, na hadi leo mpita njia maskini hupumzika chini ya miti yake bila kulipa kitu. Hiyo ni sadaka ambayo mtoto anaweza kuiona kwa macho. Wapelekeni Pumwani, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1920, wakasikie Kiswahili cha wazee waliozaliwa kule kule bara katika Uislamu. Waambieni pia habari za Kibra, ambako askari Wanubi kutoka Sudan walipewa makazi, na ambayo jina lake kwa lugha yao ni msitu. Kisha waende kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ambako twiga hutembea na nyuma yake majumba ya mji yanaonekana. Akina mama wenye haja ya vitambaa na mapazia, Islii mnaijua kuliko mimi.

Na sisi akina baba tukumbuke: likizo si kuhamisha jiko kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mama naye apumzike.

Hayo yote tuliyapanga kwa jioni moja. Mstari wa mwisho ndio uliotushinda.

Aliyevunja kimya ni binti yetu wa miaka kumi. “Baba,” akauliza, “si tuna shangazi Nairobi?”

Tunaye. Dada yangu anaishi South C na mumewe na watoto wake. Binti yangu hamkumbuki, kwani alipomwona mara ya mwisho alikuwa mtoto mchanga wa kubebwa.

Baba yetu alipofariki alituachia shamba la minazi Kikambala. Mama alikuwa ametangulia, basi warithi tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na dada yetu. Hesabu yake naifundisha darasani kila mwaka, wala haimsumbui mwanafunzi mchanga. Ni mafungu matano, wanaume mawili mawili na dada moja. Nimewagawia watu wengi mirathi yao, nimekaa katika baraza zao na kuwasomea hukumu ya Mwenyezi Mungu. La kwetu sikuligawa. Nilisema shamba likikatwakatwa litakufa. Nazi zikauzwa, fedha zikapita mikononi mwangu, zikaezeka nyumba yangu na kulipa karo ya wanangu. Dada aliuliza mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili nikamjibu kwamba mwenye elimu ya mambo haya ni mimi, naye asubiri. Akasubiri. Kisha akaacha kuuliza, na tangu alipoacha kuuliza hakuja tena Mombasa, hata kwa Idi. Huu ni mwaka wa tisa.

Nami nilikuwa nimekaa na kalamu, nahesabu masweta ya kwendea mji anaoishi yeye.

Mke wangu hakunilaumu. Alisema tu, “Baba, hotelini tutalala, pesa zipo. Lakini tukikutana na wifi Ijumaa mlangoni kwa Jamia, watoto niwaambie huyu ni nani?”

Wanavyuoni wetu walipoandika adabu za safari hawakuanza na mizigo. Walianza na kurudisha haki za watu, kulipa madeni na kutoa amana, kwa kuwa msafiri hajui kama atarudi. Somo hilo nimelisomesha mara nyingi, na kila mara nilidhani linamhusu mfanyabiashara anayepanda jahazi.

Usiku ule nilitoa madaftari ya shamba. Siku ya pili nikamwita mdogo wangu, naye akasema, “Kaka, mimi nilikuwa nakungoja wewe.” Tukafanya hesabu ya fungu moja katika matano kwa miaka yote tisa. Deni likawa kubwa kuliko nauli za safari kumi. Tukaenda Kikambala na wazee wawili wawe mashahidi, tukalitenga fungu la dada upande wenye kisima, kwani tuliona si haki achelewe kupewa kisha apewe upande mbaya. Zile fedha za hoteli zikawa malipo ya kwanza. Zilizobaki nitazilipa kila msimu wa kuangua nazi, na nimeliandika hilo na kutia sahihi.

Baada ya Isha nikampigia simu. Sikumtajia safari, kwa sababu anayeomba msamaha ili apate mahali pa kulala hajaomba msamaha. Nikamwambia, “Dadangu, haki yako nimeizuia miaka tisa, na nilijua. Sasa imetengwa, na mashahidi wapo. Nimekukosea.”

Alinyamaza kwa muda mrefu. Nyuma yake nilisikia watoto ambao majina yao nayajua lakini sauti zao sizijui.

“Kaka,” akasema, “nimekusikia.” Hakuongeza neno, nami sikumdai.

Zilipita siku nne. Siku ya tano simu ya mke wangu ililia jikoni. Hakunipigia mimi, alimpigia wifi yake. Sijui walizungumza nini muda wote ule, kwani nilitoka nikaenda kukaa barazani. Niliporudi nilikuta daftari liko wazi juu ya meza, na mbele ya ule mstari wa mwisho mke wangu ameandika, “Kwa shangazi.”

“Aliuliza mko wangapi,” akaniambia. “Anataka kuazima magodoro.”

Dada yangu hajasema kwamba amenisamehe, na mimi sina haki ya kumharakisha kama nilivyomchelewesha. Jambo hilo ni lake na Mola wake. Langu ni kupanda treni, kufika mlangoni kwake nikiwa na hati mkononi na halua begani, na kubisha hodi.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna jamaa katika miji mikubwa, Nairobi, Dar es Salaam, hata Muscat na London. Kabla ya kutafuta chumba mtandaoni, mkae kitako na kuulizana: nani wetu yuko kule, na kwa nini hatumtaji? Ikiwa kuna haki ya mtu iliyokaa kwenu, anzeni na hiyo, kisha mkate tikiti. Na dada mwenye kudai haki yake asidhani kwamba kunyamaza ndiyo subira aliyoamrishwa. Dini imempa fungu lake, naye ana ruhusa ya kuliomba.

Tunaondoka Jumatatu kwa treni ya asubuhi, inshallah. Tuombeeni dua, nasi tutawaombea. Mungu awafikishe salama nyote mnaosafiri, na awahifadhi mnaobaki.

Wabillahi tawfiq.