Mkia Uliomponza Nyoka

Muhula uliopita, nikiwa kiranja wa ghala la chakula, niliua nyoka wa rangi ya kahawia kati ya magunia ya mahindi. Wadogo walinishangilia, nami nikambeba kwenye fimbo kama askari arudiye vitani. Mwalimu wetu wa sayansi alimtazama sana, akampanua kinywa kwa kijiti, kisha akasema polepole, "Huyu hana sumu. Kazi yake ni kula panya." Hakuniadhibu. Alinipa kitabu cha nyoka wa Marekani, akaniambia nisome habari za mmoja tu.

Huyo huitwa nyoka wa panya, naye huonekana tangu New England hata Texas. Thomas Say alimweleza kitabuni mwaka 1823. Wengi wao wakikua huwa weusi, urefu wa mita 1 na nusu hivi, na wachache hupita mita 2. Bali mtoto hutoka yaini akiwa wa kijivu mwenye mabaka, hata ungemdhani wa kabila jingine. Jike hutaga mayai yapata 12 katika gogo lililooza, kisha huenda zake. Panya humkamata kwa kinywa, akamzungushia mwili na kumbana hata afe, ndipo ammeze mzima. Hupanda mti wima usio na tawi, kwa maana magamba ya tumbo lake yana kingo zishikazo ganda la mti. Nisifiche, huiba pia mayai ya kuku na makinda. Ndiyo sababu wakulima wengine humchukia, na wengine humwacha ghalani makusudi.

Lakini lililonichoma ni hili. Akitishwa, hutikisa mkia katika majani makavu, ikasikika sauti kama ya nyoka mwenye njuga mkiani, ambaye sumu yake yaweza kuua mtu. Hila hiyo huwatisha wanyama wakamwacha. Binadamu aisikiapo hukimbilia jembe.

Wangu hakutikisa chochote. Alikuwa akijificha nyuma ya gunia. Sasa panya wametoboa magunia manne, na kila jioni nayashona kwa shazia na uzi wa katani, na wale wadogo walionishangilia hupita mlangoni wakiniuliza kama nimeua nyoka mwingine.