Safari ya Kwenda Kwao Babu

Wasomaji wapendwa, wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Kigoma, nasi tumeahidi mara nyingi kuiandika. Basi leo twatimiza ahadi. Safari hiyo tuliifanya katika likizo ya Desemba, mwaka 2022. Tulikuwa watu sita: baba yetu mzee, mwandishi wa habari hizi na mkewe, na watoto wetu watatu. Tulitoka Muheza, katika mkoa wa Tanga, tukaenda hata nchi ya Waha, wilaya ya Kasulu, kupaona mahali alipozaliwa babu yetu aliyefariki mwaka 2014.

Yafaa kwanza tueleze babu alifikaje Tanga. Nanyi mnaokaa karibu na mashamba ya mkonge hamtashangaa, maana wengi wenu mna babu kama wetu. Mkonge si mmea wa asili ya nchi yetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo michache mashamba yalienea Tanga, Muheza, Korogwe na kwingineko, hata mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. Wenyeji hawakutosha kwa kazi hiyo, wala wengi hawakuitaka. Kwa hiyo watu walitafutwa mbali, huko Kigoma, Songea, Njombe na hata ng'ambo ya mipaka, wakaletwa kwa mkataba. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba yake.

Babu alikuwa mmoja wao. Alitoka kwao mwaka 1951, kijana asiyezidi miaka ishirini. Alitembea kwa miguu siku tatu kutoka Kasulu mpaka Kigoma, akapanda gari la moshi pamoja na vijana wenziwe. Wakati ule reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Njia ya kuziunganisha ilijengwa mwaka 1963. Basi walishushwa njiani wakapakiwa katika malori, hata wakafika kambini usiku, wasijue mashariki wala magharibi.

Kazi yake ilikuwa kukata majani ya mkonge. Majani 30 yalifungwa pamoja yakawa fungu moja, na mafungu yalihesabiwa na mnyapara kila siku. Kadhalika kipande chake cha kazi kilikuwa na siku 30, wala mtu hakupata mshahara kamili mpaka azitimize zote. Mwezi wa babu, basi, haukuwa mwezi wa kalenda wala wa mbinguni. Mwezi wake uliisha kipande kilipojaa. Nasi tulipokuwa wadogo tulicheka sana kwa kuwa mzee huyu alihesabu kila kitu kwa thelathini. Mahindi aliyahesabu kwa thelathini, maembe kwa thelathini, na alipotugawia karanga alisema, "Haya, fungu moja moja." Hakukawia kutushika mikono tukimdanganya hesabu, naye hakupata kumpiga mjukuu hata siku moja.

Viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome la mti, na mikononi alikuwa na makovu ya miiba iliyo katika ncha za majani. Hata alipokwisha kuacha kazi aliamka kabla ya alfajiri, akaketi barazani kana kwamba angojea kengele. Alitufundisha kusokota kamba. Hakuna mtoto wa nyumba yetu asiyejua kusokota kamba ya mkonge, na ng'ombe wetu wanafungwa kwa kamba hizo hata leo.

Jambo moja tu lilimsumbua. Siku aliyoondoka kwao alimwacha dada yake mdogo, mtoto wa miaka minane hivi, akilia njiani. Ili kumnyamazisha alimwambia, "Nikirudi nitakuletea nguo nzuri ya pwani." Mkataba ulipokwisha hakurudi. Kwanza fedha hazikutosha. Kisha alioa, akazaliwa baba yetu na ndugu zake. Kisha ikafika barua ya kusema kwamba mama yake amefariki, naye akaona haya kwenda kwenye nyumba aliyochelewa kuifikia. Kila mwaka alisema, "Mwaka ujao." Alipokuwa kitandani katika ugonjwa wake wa mwisho alimwita baba yetu, akamwambia, "Mwanangu, nina deni la doti moja ya kanga. Ukienda kwetu, usiende mikono mitupu."

Hilo ndilo lililotupeleka Kigoma. Baba yetu naye alikuwa amekwisha kuingia katika uzee, tena magoti yalimsumbua. Tuliona kwamba kama hatuendi sasa, deni litaangukia watoto wasiomjua mdai.

Tulipanda gari la moshi Dar es Salaam jioni, daraja la pili, chumba chenye vitanda sita, nasi tu sita. Ikawa kama nyumba yetu wenyewe. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, nayo ni kama kilomita 1,250. (Tangu mwaka 2024 iko pia reli mpya iendayo upesi kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, lakini sisi tulikwenda kwa ile ya zamani, aliyoipanda babu.) Usiku tulipita Morogoro na Kilosa tukiwa usingizini. Asubuhi tulikuwa Dodoma. Kule Saranda watu walikimbilia madirishani wakiuza kuku wa kuchoma, nasi tukanunua, watoto wakafurahi kuliko siku ya arusi. Usiku wa pili tukafika Tabora, ambako hata saa zile watu walikuwa wakiuza asali.

Kutwa nzima baba yetu hakutoka dirishani. Tulipomwambia apumzike alijibu, "Niacheni. Mzee alipita hapa akitazama upande ule mwingine." Maana yake ni kwamba babu aliuona ukanda ule mara moja tu, akiuacha nyuma.

Siku ya tatu tuliingia nchi yenye misitu na mabwawa, tukauona mto Malagarasi, tukapita Uvinza. Hapo tuliwaeleza watoto kwamba chumvi ya Uvinza imepikwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na kwamba watu wa nchi nyingi waliifuata kwa miguu kabla ya reli wala lori. Kisha tukafika Kigoma. Watu husema, "Kigoma, mwisho wa reli," nasi tuliuona mwisho huo kwa macho yetu, na mbele yake Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Duniani hakuna ziwa lenye kina kupita hilo ila Baikal la Urusi.

Tulipumzika Kigoma siku moja. Tulikula migebuka iliyokaangwa kwa mawese. Tulikwenda Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tuliwasimulia watoto pia habari za meli Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ziwani ili adui wasiipate. Mwaka 1924 ikainuliwa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi ya kuchukua watu. Mtoto wetu wa mwisho akauliza, "Ilikaa majini miaka minane, kisha ikafanya kazi?" Babu yake akamjibu, "Ndiyo. Kukaa siku nyingi si kufa."

Asubuhi yake tulikwea milima kwenda Kasulu. Nchi ya Waha ni nchi ya vilima, yenye baridi, migomba na maharage. Huko Heru Juu ndiko alikokuwa akitawala Mwami Theresa Ntare babu alipoondoka, na babu alipenda kuwaambia watu wa Tanga kwamba yeye alitawaliwa na mwanamke, wala hakuona ajabu.

Sasa sikilizeni shida iliyotupata. Babu alikuwa ametupa alama tatu za nyumbani kwao: kijito, kilima chenye mawe meupe, na mkuyu mkubwa. Mwalimu mmoja wa huko, aliyetusaidia kwa simu kabla ya safari, alitupeleka. Kijito tulikiona, na kilima tulikiona, lakini nyumba haikuwako hata moja. Palikuwa mahame matupu, yenye majani mpaka kifuani. Baba yetu akasimama asiseme neno. Mwalimu akatueleza kwamba katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji, mji mzima wa babu ulihamia kando ya barabara. Babu alipokuwa akituchorea ramani kwa kidole mchangani, ilikuwa ramani ya mji uliokwisha kuhama, naye hakuwa na habari.

Tukaenda kijijini. Tulipokewa kwa salamu ndefu za kwao, tukapewa viti, tukapewa maji. Lakini tuliona kwamba vijana wa nyumba ile walitutazama kwa hadhari, na mazungumzo yalikuwa machache. Jioni, baada ya chakula, mzee mmoja wa ukoo alikohoa, akasema, "Wageni wetu, msituone wabaya. Shamba la ndugu yenu lililimwa na watu wengine miaka mingi, na wana wao wamejenga juu yake. Je, mmelifuata shamba?"

Hapo tukafahamu hofu yao, wala hatuwezi kuwalaumu. Ardhi ndiyo chakula chao. Mtu akitokea baada ya miaka sabini na mmoja pamoja na watoto wanaume, ni nani asiyeogopa? Baba yetu akainuka polepole, kwa sababu ya magoti, akasema, "Baba zangu na ndugu zangu, sina jembe mkononi. Shamba ni la waliolilima. Mimi nimetumwa kulipa deni, na mdai wangu ni mwanamke." Akamtaja kwa jina dada yake babu.

Wote wakanyamaza. Kisha kijana mmoja akaenda nyumba ya tatu, akarudi akimshika mkono bibi mwembamba, aliyeinama, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Tulimwamkia "Shikamoo, Bibi," watoto nao wakapiga magoti. Baba akamwekea mapajani doti ile ya kanga, tuliyoinunua Tanga mjini, akamweleza kwa Kiha kidogo alichofundishwa na baba yake. Bibi hakuiona vizuri. Akaipapasa kwa vidole, upindo kwa upindo, kwa muda mrefu. Mwisho akasema maneno ambayo mwalimu alitufasiria: "Alisema nguo nzuri. Hii ni nzito, ni nzuri." Ndipo akalia, na wanawake wote wa nyumba wakalia pamoja naye.

Tangu saa ile mioyo ilifunguka. Asubuhi vijana wale wale waliotuogopa walichukua mapanga, wakatufyekea njia mpaka mahame. Mkuyu ulikuwa umeanguka zamani, lakini shina lake liliweza kujulikana, na kando yake palikuwa na kaburi la mama yake babu. Tulipasafisha, tukaketi. Bibi aliyebebwa kwa pikipiki mpaka hapo alituonyesha mahali alipokuwa akilia siku ile ya 1951: penye kona ya njia, ambapo mtu akigeuka haonekani tena. Watoto wetu waliikimbilia kona ile wakawa wanajificha na kutokea, naye akicheka kwa kusikia sauti zao.

Tulikaa siku nne. Tulipoondoka walitupa maharage, debe zima, na Bibi akatupa mkeka alioufuma mwenyewe zamani. Wazee wakatuambia tukitaka kujenga kibanda cha kufikia wageni, mahali patapatikana. Tulishukuru, lakini hatukupokea kiwanja. Tuliona yafaa neno la baba yetu libaki kama alivyolisema.

Wasomaji wapendwa, hamkosi kuwa na mzee nyumbani aliyetoka mbali, awe Mha, Mngoni, Mbena au mtu wa nchi nyingine. Twawasihi mwulizeni sasa, angali akisema. Msiulize jina la kijiji tu, kwa maana vijiji vilihamishwa. Ulizeni jina la ukoo, jina la kijito na la kilima, majina ya ndugu zake na hasa ya dada zake, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wakumbukao. Andikeni katika daftari. Tena ulizeni kama ana deni. Nasi twawaambia mapema: mkienda, wajulisheni wenyeji siku ya kwanza kwamba hamkufuata shamba, ili mpate kuongea kwa amani.

Kanga ile, tumeambiwa, Bibi huivaa siku kubwa tu, kisha huikunja na kuirudisha sandukuni. Mtoto wetu wa kwanza humpigia simu kila mwisho wa mwezi. Hawasikilizani sana kwa lugha, lakini amemfundisha kuhesabu kwa Kiha, naye amefika thelathini.