Waya wa Tatu

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia asubuhi, nikiwa kwenye basi narudi Lewisham baada ya zamu ya usiku. "Dada, shikamoo. Mpira wa breki ya mbele una nyufa karibu na ncha. Naomba hela ya mwingine."

Nilikasirika. Ndani ya miezi minne nilikuwa nimeshamtumia hela ya waya wa klachi mara mbili na ya waya wa mafuta mara moja. Ninyi mlio huku mnaijua hesabu inayopita kichwani: kodi ya nyumba, nauli, ada za watoto nyumbani, kisha hili. Nikamjibu, "Subiri mwisho wa mwezi." Moyoni nilisema ananidanganya.

Hakuweza kusubiri, maana pikipiki ndiyo chakula chake. Hubeba kabichi na karoti kutoka mashamba ya milimani, juu ya Lushoto, kwenye njia za mawe na matope. Siku tisa baadaye, akiteremka na mzigo, aliminya breki ya mbele na mkono wa breki ukaja mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Mpira ulikuwa umepasuka. Akailaza pikipiki kwenye ukingo wa njia, akavunjika mtulinga. Aliyenipa habari ni mama. Yeye mwenyewe hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa majuto nilikwenda kwenye duka la spea za pikipiki hapa London, nikitaka mpira bora kuliko yote, ule uliofumwa kwa nyuzi za chuma. Mzee wa duka hakuutoa. Aliniuliza kwanza: urefu gani? Ncha zimenyooka au zimepinda? Boliti yake ina meno gani? Akanionyesha boliti mbili zenye unene wa milimita 10, nilizoziona kama mapacha. Moja meno yake yameachana milimita 1, nyingine 1.25. Ukiilazimisha isipostahili, unaharibu meno ya breki yenyewe.

Kisha akauliza, "Pikipiki iko kama ilivyotoka kiwandani?"

Nikampigia mdogo wangu palepale. "Usukani niliubadilisha, dada. Niliweka wa juu, ili niweze kusimama nikipita kwenye mawe."

"Lini?"

"Kama miezi mitano iliyopita."

Mzee akatikisa kichwa. Usukani ulipanda, lakini mpira na waya vilibaki na urefu uleule. Kila alipokata kona, na kila shoku za mbele zilipotanuka, vilivutwa na kukatika kidogo kidogo.

Nina stashahada ya uuguzi niliyoipata nyumbani na shahada niliyoipata hapa. Mgonjwa akirudi mara tatu na homa ileile, simpi panadoli na kumwambia aende, nauliza kinachoileta. Mdogo wangu alirudi kwangu mara tatu, nikahesabu pauni.

Sikununua kitu London. Nilituma hela, fundi akarudisha usukani wa zamani, na mpira na waya vya pikipiki hiyohiyo vikapatikana Tanga. Nilimtazama kwa video akifanya kazi. Alifunga uzi kwenye waya wa zamani kabla ya kuuchomoa, ili uzi huo uuvute mpya kwenye njia ileile. Kwenye mpira aliweka washa mpya za shaba, kwani za zamani zikishabanwa huweza kuvuja. Akatia oili ya breki ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, akatoa hewa mpaka mkono wa breki ukawa mgumu. Hewa ndani ya mpira huminyika, na breki haishiki.

Mwisho akawasha injini na kugeuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta unavutwa. Haukupanda. Akaijaribu uwanjani kabla ya kupakia chochote.

Kama una ndugu mwenye pikipiki nyumbani, kipimo hicho hakigharimu hata senti. Mwombe akifanye leo.

Mtulinga umeunga, naye amerudi barabarani. Juzi aliniandikia, "Dada, klachi imeanza kuwa nzito."

Sikufungua programu ya kutumia hela, wala sikumwambia asubiri. Nilimjibu, "Tangu lini?"